Siku Moja ya Kupanda Vyombo: Baba na Binti Toka Kiwanja hata Goma

Katika nchi za ng'ambo ziko bustani kubwa zilizotengenezwa kwa kazi moja tu, yaani kuwafurahisha watu. Mtu hulipa mlangoni, huingia pamoja na watoto wake, na tangu asubuhi hata jioni hupanda vyombo vya kila namna: farasi wa mbao wanaozunguka, vigari vinavyoporomoka kana kwamba vinaanguka mlimani, na magurudumu makubwa yanayowainua watu juu kuliko mapaa ya nyumba. Mji wa Copenhagen, katika Denmark, una bustani moja ya namna hiyo iitwayo Tivoli. Ilifunguliwa mwaka 1843, na watu huingia mpaka leo. Huko Chicago, katika Marekani, mwaka 1893 fundi mmoja jina lake George Ferris alisimamisha gurudumu la chuma lenye kimo cha mita 80 hivi. Lilikuwa na vyumba 36, na kila chumba kiliweza kuchukua watu 60.

Mwaka 1955 Walt Disney naye alifungua bustani yake katika California. Mwenyewe alisimulia jinsi wazo lilivyomjia. Alikuwa ameketi juu ya benchi, akiwatazama binti zake wawili wakizunguka juu ya farasi wa mbao, naye hana la kufanya ila kungoja. Akajiuliza, mbona hapana mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja?

Swali hilo ni zuri, wala kulijibu hakuhitaji fedha nyingi. Sisi wa Kivu ya Kaskazini hatuna magurudumu ya Chicago. Lakini tunayo milima ya kuteremka, tunalo ziwa, tunavyo vyombo vyetu, na watoto Mungu ametujalia. Kinachopungua mara nyingi ni mzazi kuondoka kwenye benchi. Basi, wasomaji wapenzi, nitawasimulia siku moja ya mwezi wa Agosti 2019, ambayo mimi na binti yangu tuliitumia kwa kupanda vyombo tu, toka nyumbani kwetu Kiwanja hata Goma, na kurudi.

Mji wa njia panda

Kiwanja ni mji wa wafanya biashara na wakulima katika eneo la Rutshuru. Umeshikamana na Rutshuru penyewe hata mgeni hatambui mahali pa kuachana. Barabara itokayo Goma ikifika kwetu hugawanyika: njia moja yaenda Ishasha, mpakani mwa Uganda; nyingine yakata katikati ya mbuga ya Virunga kuelekea Kanyabayonga na Butembo. Udongo wetu ni wa milima ya moto, mweusi na wenye rutuba. Siku ya soko magunia ya maharagwe na mahindi hupangwa kando ya njia kama ukuta.

Neno kiwanja, kila mwenye kusema Kiswahili alijua, ni mahali palipo wazi, pa kujengea au pa kuchezea. Lakini watoto wa mji wetu hawakupewa nafasi kubwa ya kucheza. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa Kiwanja. Binti yangu alikuwa mchanga wa miezi mitatu, amefungwa mgongoni mwa mama yake. Mwezi wa Julai 2012 vita vilirudi tena. Yeye alikuwa karibu kutimiza miaka minne. Siku hiyo ndipo alipopanda gari kwa mara ya kwanza katika maisha yake: lori la maharagwe, juu ya magunia, kuelekea Goma. Tulilala Kanyaruchinya pamoja na maelfu ya wengine, chini ya mvua.

Nasema haya si kwa kutonesha vidonda, bali ili msomaji afahamu jambo moja. Kwa watoto wengi wa kwetu, gari ni chombo cha kukimbilia. Kupanda ni kuacha: kuacha nyumba, kuku, daftari na rafiki.

Mwisho wa mwaka wa shule, mwaka 2019, binti yangu alimaliza darasa la tano kwa alama nzuri. Nikamwuliza anataka zawadi gani. Alikuwa ameona katika kitabu cha shule picha ya gurudumu kubwa lililojaa watoto. Akafikiri kitambo, akasema: "Baba, nataka kupanda kitu kwa ajili ya kupanda tu."

Kungali giza

Siku tuliyoagana, mama yake aliamka kungali giza, akachemsha viazi vitamu na mayai, akavifunga katika kitambaa, akaviweka karibu na mlango. Mtoto akatoka chumbani, akaona kile kifurushi, akasimama palepale.

"Mama," akauliza, "vita vimekuja?"

Mke wangu akamshika kichwa. "Hapana, mama. Leo unakwenda kutembea na baba yako. Jioni mtarudi."

Tukafanya ishara ya msalaba, tukasali Salamu Maria moja, tukatoka. Njiani kwenda kituo cha magari alinishika mkono kwa nguvu; lakini tulipowakuta watu wakicheka na kupatana bei ya nauli, vidole vyake vikalegea.

Chombo cha kwanza: gari

Gari letu lilikuwa dogo, nalo lilijaa. Nilimlipia kiti chake mwenyewe, karibu na dirisha, ingawa wengi huwapakata watoto ili kuokoa nauli. Mtoto akipakatwa huona mgongo wa mtu wa mbele. Akikaa dirishani huiona nchi.

Toka Kiwanja hata Goma ni kilomita zaidi ya 70. Tulipita Rutshuru, tukapita Rubare, migomba huku na huku. Mwaka huo ugonjwa wa Ebola ulikuwa umeingia Kivu ya Kaskazini, na mwezi wa Julai ulikuwa umefika Goma yenyewe. Kwa hiyo njiani abiria wote walishuka kunawa mikono na kupimwa joto la mwili. Watu wazima walinung'unika. Binti yangu alishuka kila mara wa kwanza, akanawa hata viwiko, akapanda tena akitabasamu. Kwake yeye hata hayo yalikuwa sehemu ya mchezo.

Huko Rumangabo nilimwonyesha njia iendayo makao makuu ya mbuga ya Virunga. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, mfalme wa Wabelgiji, nayo huhesabiwa kuwa mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika. Baada ya hapo njia yaanza kupanda kwelikweli. Kupita Rugari, upande wa kushoto wasimama Mikeno, mlima uliochongoka kama jino, wenye kimo cha mita 4,437. Upande wa kuume yuko Nyiragongo, mita 3,470, na wingu la moshi juu ya kichwa chake. Gari lilinguruma, likapunguza mwendo, likanguruma tena. Kila tulipofika juu ya kilima na kuanza kuteremka, mtoto alishika tumbo na kucheka.

"Baba, tumbo langu limebaki nyuma!"

Bibi mmoja aliyeketi karibu nasi akacheka naye, hata gari zima likacheka. Wenye bustani za ng'ambo huuza hisia hiyo hiyo kwa bei kubwa. Barabara ya Kibumba yaitoa bure.

Farasi wa mti

Kibumba ni nchi ya baridi. Hapo ndipo yatokapo kabichi, karoti na viazi vinavyolisha Goma, na hapo ndipo binti yangu alipoanza kuhesabu chukudu. Alifika 40, akachoka.

Wasomaji wa mbali labda hawajapata kuiona chukudu, basi nitaeleza. Ni chombo cha mti cha magurudumu mawili. Ubao mrefu mnene umekaa katikati. Mbele liko gurudumu dogo la mti, na nyuma jingine. Usukani umetengenezwa kwa mti vilevile, nao umetanuka kama pembe za ng'ombe. Magurudumu huvikwa ukanda wa tairi kuukuu ili yasilike upesi, na ndani yake hutiwa beringi za chuma zilizotolewa katika magari yaliyokufa, ili yazunguke kwa wepesi. Juu ya ubao hupigiliwa kipande cha mpira, mahali pa kuwekea goti. Mwendeshaji hupiga goti moja hapo, na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Akifika mteremkoni hupanda mzima mzima na kuuacha mlima umpeleke. Breki yake ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, ambacho hukikanyaga kwa mguu. Chombo hiki hakinywi petroli. Chukudu kubwa huchukua mzigo wa kilo mia kadhaa, makaa au kabichi, toka Kibumba hata masoko ya Goma.

Kuteremka ni raha yenye hatari, maana malori hupita karibu. Na kupanda kurudi ni kusukuma kwa mikono na kifua. Familia nyingi zimejengewa nyumba kwa jasho hilo. Ndiyo maana mwaka 2009 mji wa Goma ulisimamishiwa sanamu ya chukudu, yenye rangi ya dhahabu, katikati ya njia panda. Miji mingine husimamisha sanamu za majemadari. Goma wamemsimamisha mchukuzi.

Tulipopita Kanyaruchinya nilimwonyesha uwanda tuliolala mwaka 2012. Alitazama sana. Nyasi zilikuwa zimeota, na mbuzi walikuwa wakila. "Sisi tulikuwa upande gani?" akauliza. Nikamwonyesha. Akapunga mkono dirishani, kama mtu anayemwaga jirani.

Chombo cha pili: chukudu bila mzigo

Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya moto yaliyopoa. Mwezi wa Januari 2002 Nyiragongo ulitapika, na uji wa moto ukashuka ukakata mji vipande viwili, ukaharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu walirudi kabla mawe hayajapoa vizuri, wakayavunja, wakajengea nyumba na kuta kwa mawe yale yale.

Baada ya kuitazama ile sanamu ya dhahabu, tuliingia katika barabara ya pembeni isiyo na magari mengi. Hapo tulimkuta kijana mmoja amekwisha kupakua kabichi zake, anapumzika kivulini, chukudu imelala kando. Nikamwamkia, nikamweleza shauri letu. Akanitazama toka kichwani hata viatuni.

"Baba, wewe unajua kuiendesha?"

"Kijana, minervali yangu ya shule ilitoka juu ya mbao hizi."

Akacheka, tukapatana kwa franka 1,000. Nilimketisha binti yangu mbele, mikono yake juu ya usukani ndani ya yangu, nikaweka goti mahali pake pa zamani. Ulikuwa mteremko mdogo, wa hatua mia mbili hivi. Nikasukuma mara tatu, chukudu ikashika mwendo, magurudumu yakaanza kuimba juu ya changarawe.

Katika ujana wangu nilipita njia hizi mara nyingi, na kila mara nyuma ya gunia la makaa. Jicho langu lilikuwa juu ya gunia, na moyo wangu juu ya bei. Sikupata hata siku moja kuusikia upepo. Siku hiyo niliusikia. Mama mmoja muuza ndizi akapaza sauti: "Angalieni, msichana juu ya chukudu! Dunia imegeuka!" Binti yangu akamjibu kwa adabu, "Jambo, Mama!" na tukampita.

Tulirudia mara sita. Mara ya mwisho alisukuma yeye mwenyewe, mimi nikikimbia kando nimeshika usukani. Tulipomrudishia kijana chombo chake, alitwaa kiazi kitamu tulichompa, akala kimya, kisha akasema: "Nami nina mtoto, ametimiza miaka mitatu. Hajapata kupanda chukudu ya baba yake, maana saa zote ina mzigo."

"Dominika haina mzigo," nikamwambia.

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Dominika haina."

Chombo cha tatu na cha nne

Toka hapo tulikodi pikipiki mpaka ziwani. Mwendeshaji alitaka kuongeza abiria mwingine nyuma yetu. Nilikataa, nikamwomba aende polepole. Mtoto alikaa katikati, nami nikamshika. Juu ya chombo hicho sina mengi ya kusema, ila kwamba mwenda pole hufika, na kwamba mtoto mwenye furaha hana haja ya mwendo wa kasi: kwake kila mwendo ni wa kasi.

Ziwa Kivu ni zuri kuliko ninavyoweza kuandika. Kina chake chapita mita 470, na upande wa kusini laenda mpaka Bukavu. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imefungwa ufukoni mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu. Usiku huingia ziwani na taa ili kuvua sambaza, samaki wadogo walioletwa toka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo ni kitoweo cha kila nyumba.

Mashua ya kwanza tuliyoitwa ilikuwa imejaa watu hata ukingo wake ulikaribia kugusa maji, wala hapakuwa na makoti ya kuelea. Niliwashukuru, nikapita. Mashua ya pili ilikuwa ndogo yenye mota, na mwenye mashua, mzee wa makamo, alikuwa na makoti hayo. Yeye mwenyewe alimfunga mtoto kamba zote kabla ya kugusa mota. Tulikwenda kando ya ufuko, si mbali, kiasi cha nusu saa. Maji yalipoinua mashua na kuishusha, binti yangu alinishika kiuno, kisha akaniachia, kisha akatia vidole vyake majini na kuviacha vichore mstari mweupe.

"Baba," akasema, "chombo hiki hakitupeleki mahali."

"Hapana. Tutarudi palepale tulipotoka."

"Basi hii ndiyo yenyewe," akasema.

Gari la jioni lilituchukua kabla jua halijashuka sana, maana njia ile haikuwa njia ya kusafiri usiku. Alilala toka Kibumba hata Rutshuru. Nyumbani tulisali rozari, na ilipofika zamu yake alitoa nia yake kwa sauti: kwa ajili ya mtoto wa yule kijana wa chukudu, apate Dominika yake.

Safari mbili za Mtakatifu Yosefu

Tangu siku ile nimefikiri mara nyingi juu ya Familia Takatifu. Injili yatusimulia kwamba safari moja ya Mtoto Yesu baada ya kuzaliwa ilikuwa ya kukimbia. Yosefu aliamshwa usiku, akamtwaa mtoto na mama yake, wakaenda Misri, kwa sababu Herode alitaka kumwua. Watoto wetu wa Kiwanja wanaifahamu safari hiyo kuliko sisi wenye kuihubiri. Lakini Injili yatusimulia safari nyingine pia. Alipokuwa na miaka 12, wazazi wake walimchukua kwenda Yerusalemu kwa sikukuu, kama ilivyokuwa desturi yao ya kila mwaka, pamoja na jamaa na marafiki. Yosefu fundi seremala aliacha kazi yake na mbao zake, akatembea siku nyingi kwa miguu, ili kijana aone sikukuu. Baba yule yule aliyejua njia ya kukimbia alijua pia njia ya furaha, naye alimwonyesha mtoto njia zote mbili.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia wazazi wenzangu. Hatukuchagua safari ya kwanza ya watoto wetu. Ya pili imo mikononi mwetu, na tukingoja mpaka nyakati ziwe nzuri kabisa, mtoto atakuwa amekua. Tazameni yaliyofuata. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulitapika tena, na uji wa moto ukaikata barabara ile tuliyopita. Mwishoni mwa Oktoba 2022 vita viliingia tena Rutshuru na Kiwanja, na uwanda wa Kanyaruchinya, pale mbuzi walipokuwa wakila, ukajaa wakimbizi kwa mara nyingine. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mji wa Goma wenyewe. Kama ningesema mwaka 2019, "Tutakwenda mwaka ujao," na mwaka uliofuata nikasema vivyo hivyo, ningekuwa nimempa mtoto maneno tu. Sasa analo jambo moja ambalo hakuna askari awezaye kumnyang'anya: anajua kwamba barabara ya Goma ina mteremko unaoacha tumbo nyuma, na kwamba baba yake anajua kucheka.

Kuhusu njia na ziwa

Furaha isiyo na busara si furaha. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua moja iliyotoka Minova ikiwa imejaza watu kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapo Goma, na watu wengi walikufa mbele ya macho ya wale waliokuja kuwapokea. Kwa hiyo, mzazi, usione haya kukataa chombo. Mashua iliyojaa, iache. Pikipiki yenye watu wanne, iache. Chukudu katika barabara ya malori si mchezo wa mtoto. Tafuta njia ya pembeni, mteremko mdogo, na uwe wewe mwenyewe kwenye breki. Mtoto hatakudharau kwa kuwa ulikataa. Atajifunza kwamba maisha yake yana thamani kubwa kuliko nauli.

Na wale wasio na baba?

Mtu ataniuliza: vipi juu ya watoto wasio na baba wala mama wa kuwapandisha? Katika Goma ni wengi, walala njiani na kuokota. Mji huo huo umetupa mfano. Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981, alikuwa kijana mwenye elimu na kazi nzuri katika ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio aliwapenda watoto wa njiani, akakaa nao, akawasaidia waende shuleni. Mwaka 2007 alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite kwenda kuliwa na watu, na kwa ajili hiyo aliuawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri katika Basilika la Mtakatifu Paulo, Roma. Watu humkumbuka kwa kifo chake, na ni haki. Lakini kabla ya kutoa uhai wake alikuwa amekwisha kutoa saa zake, moja moja, kwa watoto ambao hawakuwa wake.

Saa hizo kila mmoja wetu anazo. Mwenye chukudu anayo Dominika baada ya Misa. Mwalimu anayo siku ya likizo. Mama muuza ndizi anayo jioni, akisha kufunga kikapu. Ndugu wakubwa mnaosoma shuleni, mnayo migongo yenye nguvu ya kuwabeba wadogo wenu. Msingoje bustani yenye mlango wa kulipia. Chagueni siku, mwambieni mtoto tangu mapema ili aifurahie kabla haijafika, msali pamoja, kisha mpande pamoja naye. Msimwache apande peke yake, ninyi mkimtazama toka mbali.